Kujaziwa fomu ya mkopo stesheneri: uzoefu wangu, na hasira bado ninayo

Mtu akikwambia "nenda stesheneri pale watakujazia, wameshazoea", muulize swali moja tu: imeili wataweka ya nani? Mimi sikuuliza. Ndiyo maana naandika haya nikiwa bado nimekunja uso, ingawa mambo yenyewe yalishapita.

Namna ya kuomba mkopo wa elimu ya juu sitaieleza. Mwongozo upo, Bodi ya Mikopo inautoa kila msimu, na ukitulia nao huhitaji mtu. Shida ni kwamba hatutulii nao. Mimi niliufungua kwenye simu, nikaona kurasa haziishi na bando linakatika, nikaufunga. Kwa hiyo sehemu ya lawama naichukua. Ndogo, lakini.

Stesheneri yenyewe ni chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayolia kama kinu cha kusaga. Nje wamebandika karatasi: TUNAJAZA MIKOPO, AJIRA, PASIPOTI, LESENI. Dirisha la maombi lilikuwa limebakiza siku za kuhesabu, foleni imefika barabarani, kila mtu kashika bahasha ya kaki. Kwenye kompyuta amekaa kijana mmoja, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja au miwili, anachapa bila kuangalia vidole.

Na huyu kijana, nimtendee haki kabla sijaanza kumsema, kazi alikuwa anaijua. Mimi nilirudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa hiyo nina namba mbili: ya shule inayoanza na S, na ile ya kurudia inayoanza na P. Nilimpa ya kwanza iliyonijia kichwani. Akasimamisha vidole. "Dada, chuo uliombea namba gani?" Nikamwambia ya pili. "Basi na huku tunaanza na hiyo hiyo, la sivyo chuo watakuona na mkopo hautakuona." Kuna watu wamekwama kwa hilo tu, wamechaguliwa chuo vizuri, majina ya mkopo yanatoka hawamo, kumbe namba ya udahili na namba ya mkopo haziongei. Yeye aliliona kabla sijamaliza sentensi.

La pili lilikuwa vyeti. Nilikuja na cheti changu cha kuzaliwa na cha kifo cha baba, vyote halisi, nimevitia kwenye plastiki, najiona nimekamilika. Akavitazama akanirudishia. "Hivi bila uhakiki wa RITA ni karatasi tu, dada." Kumbe cheti kinatakiwa kwanza kipite kwenye mfumo wa hao RITA, wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, kihakikiwe, ndipo ukiingize kwenye maombi. Akaviskani palepale, akavituma, akaniambia nirudi baada ya siku kadhaa. Nilirudi, vimekubali. Mpaka hapo ningempa nyota tano na soda juu.

Sasa sikiliza ilipoanzia.

Siku ya kunifungulia akaunti aliniuliza kama nina imeili. Ninayo, lakini nywila nilishaisahau tangu enzi za simu iliyoibiwa. Akasema, "Nakutengenezea mpya." Namba ya simu? Yangu ilikuwa nyumbani kwenye chaji. "Tuweke yangu, ujumbe wa kuthibitisha unaingia hapa hapa, tusichelewe, si unaona foleni." Nikaona ananisaidia! Nikashukuru! Namba ya malipo ikatoka, nikalipa zile shilingi 30,000 za ada ya maombi ambazo hazirudi hata ukikosa, akaanza kujaza. Katikati ya kujaza nikamuuliza, hivi nywila ni ipi? Akajibu bila kugeuka:

"Dada, kwani unaomba mkopo au unaomba nywila?"

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma kuliko kitu chochote katika habari hii. Nilicheka na watu wakati mtu ananinyima ufunguo wa nyumba yangu.

Yaliyofuata ni yale ya kila mtu: fomu ikachapwa, nikaizungusha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hayupo, kaenda msibani, rudi kesho. Mama mdogo kama mdhamini, picha yake, kitambulisho chake, na maswali yake ("nikifa utalipa wewe au mimi?"). Wakili akagonga muhuri wa kiapo bila kunyanyua macho. Nikarudi stesheneri, kijana akaziskani kurasa zilizosainiwa, akapakia, akaniambia "tayari, subiri bumu", yaani hela ya kujikimu chuoni. Nikaenda zangu nikilala usingizi wa kushiba.

Baada ya wiki kadhaa rafiki yangu akanipigia: Bodi imetoa nafasi ya kurekebisha kwa wale ambao maombi yao yana kasoro, kila mtu aingie kwenye akaunti yake aangalie, na siku zenyewe ni chache. Nikasema niangalie na mimi. Niingie na nini? Imeili siijui. Nywila siijui. Namba ya simu si yangu. Nikabonyeza pale pa kusahau nywila, na kila njia iliishia kwenye imeili ambayo siwezi hata kuitamka. Ukitaka kujua maana ya kufungiwa nje ya nyumba uliyoijenga mwenyewe, ndiyo hiyo.

Nikakimbilia stesheneri. Kijana hayupo. Yupo mwenye duka, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, anahesabu rimu za karatasi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia "mm". Mm! Shikamoo haiitikiwi mm. Nikaeleza shida yangu yote, kijana, imeili, siku zilizobaki. Akaendelea kuhesabu hadi akamaliza, ndipo akasema:

"Binti, sisi tunauza karatasi. Nywila za watu hatutunzi."

Nikamwonyesha tangazo lililobandikwa mlangoni kwake, TUNAJAZA MIKOPO, herufi kubwa. Akasema, "Si tulikujazia?" Naomba mnielewe, nimelelewa vizuri, mtu mzima simjibu. Lakini siku hiyo nilimjibu. Nilimwambia kama ni hivyo aandike TUNAJAZA NA KUKIMBIA. Akanionyesha barabara kwa kidole.

Kwa wakati huo hukumu yangu ilikuwa nyota moja, na hiyo moja kwa sababu sifuri haihesabiki.

Aliyeniokoa ni muuza vocha wa nje, alikuwa na namba ya kijana. Nikampigia, anapokea kwenye kelele, sijui ni gari au harusi. Kabla sijamaliza kulia akanikatisha. "Dada wa namba ya P? Wewe nakukumbuka. Mama yupo? Kuna daftari jeusi nyuma ya mlango, kwenye msumari. Umo humo. Mpe simu." Nikarudi ndani nikampa simu. Yule mama aliyenionyesha barabara akageuka asali: "Haya baba. Haya mwanangu. Ndiyo, naliona." Akalichomoa daftari, akalitupa mezani bila kunitazama.

Hapo nikampandisha kijana hadi nyota tatu. Kumbe anatunza kumbukumbu! Kumbe hakunitupa! Nikafungua.

Ni daftari la kaunta, limepigwa mistari kwa rula, safi, mwandiko wa mtu aliyefundishwa. Safu ya kwanza jina. Ya pili namba ya mtihani. Ya tatu imeili. Ya nne nywila, imeandikwa wazi kama orodha ya mboga za sokoni. Na nywila zote zimefanana: jina la kwanza na 123. Kila mtu. Ukurasa baada ya ukurasa. Daftari hilo linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka ambalo mtu yeyote anaingia kununua kalamu. Ndani ya akaunti hizo kuna nini? Cheti cha kifo cha baba yangu. Kitambulisho cha mama mdogo na namba yake ya simu. Saini yangu.

Nyota moja tena. Niliishiwa nguvu miguu, nikakaa kwenye stuli ya wateja.

Nikaingia kwenye akaunti kupitia kompyuta ile ile, kwa jina langu na 123. Kasoro ikajitokeza: muhuri wa serikali ya mtaa umekatika. Kweli, picha iliyopakiwa ilionyesha karatasi imelala upande, na pembeni muhuri wa bluu umeishia "SERIKALI YA M", mtaa wenyewe umebaki nje ya skana. Saini ya mwenyekiti imekatwa kichwa. Kwa hiyo niseme nini? Kijana aliyeniokoa kwenye namba ya P ndiye aliyelaza karatasi yangu upande akaipakia bila kuitazama, kisha akaniambia tayari. Na mimi sikumwambia anionyeshe kioo. Kuangalia kilichopakiwa ni sekunde kumi, unakikuza, unasoma muhuri, basi. Karatasi halisi nilikuwa nayo kwenye bahasha, namshukuru Mungu sikuwa nimeifungia mtu maandazi.

Yule mama aliiskani upya. Vizuri, nikiri. Aliinyoosha kwa kiganja, akafuta kioo cha mashine kwa kanga, akaniita niangalie kabla ya kupakia: "Unaona mtaa? Umesomeka?" Umesomeka. Kisha akanitoza hela ya kuskani kana kwamba ni kazi mpya. Nikalipa. Nikabadilisha nywila, imeili na namba ya simu nikaweka vyangu, nikatoka jasho.

Mkopo nilipata, awamu ya pili, si kila nilichotarajia ila ada na bumu vimo. Sasa hivi nakula ile 10,000 ya siku ya chakula na malazi, na kuna siku nikiwa nimeshiba nasema aa, kijana wa watu alikuwa na foleni, hakuwa na nia mbaya, bila yeye ningeomba kwa namba ya S nikakosa kabisa. Nikiwa na njaa nasema vingine. Wadogo zangu wawili wanaomba msimu ujao na nimeshawaambia: pale mtakwenda kuskani tu, mkiwa na imeili zenu, laini zenu mkononi, na nywila mtachapa wenyewe akiwa ameangalia pembeni. Halafu nikafikiri tena nikawaambia msiende kabisa. Halafu nikakumbuka hakuna skana nyingine karibu.

Kuna jambo moja sikuliweka kwenye nyota. Kabla sijatoka dukani siku ile, mama alipogeuka kupokea hela ya mteja, nilichana ukurasa wangu kwenye lile daftari. Sikutaka jina langu libaki msumarini. Niliukunja nikautia mfukoni, nikatembea haraka. Nilipofika nyumbani nikaugeuza. Upande wa nyuma kulikuwa na majina mengine manne, imeili zao na nywila zao, na siku za marekebisho zilikuwa zimebaki mbili. Nilirudi kesho yake asubuhi na mapema. Duka lilikuwa limefungwa.