Kupanga nyumba kwenye mji mdogo wa chuo: kinacholipa na kinachochosha

Kwenye mji mdogo wenye chuo kikubwa, mpangaji ana njia nne: bweni la chuo chenyewe, hosteli ya kampuni inayokodisha kwa kitanda, nyumba kongwe iliyokatwakatwa vyumba, na nyumba ya familia iliyo mbali kidogo na geti. Matangazo yote huonyesha dirisha lenye jua. Mkataba, mabomba na nyaya huonekana baadaye. Na nyuma ya yote hayo kuna kalenda ya chuo, ambayo hupanga bei kuliko ukubwa wa chumba.

Kwenye miji mingine watu huhama mwezi wowote. Hapa wapangaji wengi hutoka na kuingia ndani ya wiki chache kabla ya muhula wa kwanza. Nyumba iliyokosa mtu wakati huo inaweza kulala tupu kwa muda mrefu, na miezi miwili tu ya utupu humpotezea mwenye nyumba karibu asilimia 17 ya mapato ya mwaka. Ndiyo maana wengine hudai saini miezi minane au tisa kabla, wakati mwanafunzi hajajua hata kama atavumiliana na mwenzake wa chumba. Kundi la watu wanne au watano wanaotaka nyumba nzima karibu na geti lina sababu ya kuwahi, kwa kuwa nyumba hizo ni chache. Anayetafuta chumba kimoja asikubali kukimbizwa. Kila mwaka kuna wanaoahirisha masomo, wanaohama chuo na wanaokosana, na vyumba vyao hurudi sokoni, mara nyingi kwa masharti laini kuliko ya mwanzo.

Bweni la chuo nalipatia alama 3 kati ya 5, na halina mengi ya kusemwa. Unalipa kwa muhula, huduma nyingi zimo ndani ya ada, na kitu kikiharibika kuna ofisi ya kuulizwa. Soma sharti moja tu: likizo. Mabweni mengi hufungwa muhula ukiisha, na asiye na pa kwenda hujikuta akitafuta pa kulala wiki ambazo mji wenyewe umenyamaza, mabasi yamepunguzwa safari na migahawa ya jirani imefunga milango.

Hosteli ya kampuni, alama 2.5. Mkataba wa kitanda una faida moja kubwa: mwenzako akiondoka, deni lake si lako. Lakini kampuni ndiyo inayokuchagulia mwenzako, na mkataba kwa kawaida ni wa miezi 12 hata kama masomo ni miezi 9. Ukilipa miezi 12 ukakaa 9, kila mwezi uliokaa umekugharimu theluthi moja zaidi ya kodi iliyotangazwa. Uliza kama unaweza kumpangisha mtu mwingine wakati wa likizo ndefu, na kama kuna ada ya kufanya hivyo. Uliza pia umeme una kikomo gani kabla ya kuanza kulipia ziada, na maegesho, samani na usafi wa mwisho vinatozwa wapi. Jengo ambalo bado lina jukwaa la mafundi miezi miwili kabla ya muhula, usilisainie bila kifungu kinachosema utalala wapi lisipokamilika, na kwa gharama ya nani.

Nyumba kongwe iliyogawanywa ndiyo yenye mazuri mengi na mabaya mengi, na alama yake huanzia 1 hadi 4.5 kutegemea aliyeigawa. Nyumba iliyojengewa familia moja sasa ina watu watano au sita wenye ratiba inayofanana: wote wanaoga asubuhi, wote wanapika jioni. Chukua hita ya maji ya lita 50. Maji yake yakiwa nyuzi 60 na ya baridi nyuzi 20, kuoga kwa nyuzi 40 kunachanganya nusu kwa nusu. Bomba likitoa lita 8 kwa dakika, unachota lita 4 za moto, na tangi limekwisha kwa dakika 12 na nusu. Hao ni watu wawili wanaojitahidi. Wa tatu atangoja, kwa sababu hita ya wati 2,000 inahitaji saa moja na dakika kama 10 kupasha tangi hilo upya. Mwenye nyumba anayejua kazi yake ameweka tangi kubwa au hita mbili.

Umeme una hesabu kama hiyo. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9. Mabirika matatu yakiwashwa pamoja yamefika 26, na laini ya soketi yenye swichi ya usalama ya ampea 20 imezidiwa na inaweza kukatika. Kukatika si tatizo, ndiyo kazi ya swichi hiyo. Hatari ni pale mtu alipochoka kukatiwa akaweka swichi kubwa zaidi juu ya nyaya zilezile nyembamba. Fungua sanduku la umeme utazame. Soketi yenye weusi pembeni au yenye joto ukiigusa inatosha kukuondoa hapo.

Kisha tazama kuta. Sebule iliyokatwa kwa jipsamu hutoa vyumba viwili, na mara nyingi kimoja hakina dirisha linalofunguka. Hewa isipopita, unyevu wa kupumua na wa nguo zinazoanikwa ndani hukaa kwenye ukuta wa nje, na ukungu huanzia nyuma ya kabati. Vuta kabati. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba ina sababu yake. Kwa kipimo, Uingereza tangu Oktoba 2018 inataka chumba cha mtu mzima mmoja kwenye nyumba za kuchangia zenye leseni kisipungue mita za mraba 6.51, na cha wawili 10.22. Beba futi kamba. Chini ya hapo, kitanda na meza haviishi pamoja kwa amani.

Ziara ya saa nne asubuhi haikuonyeshi nyumba. Rudi usiku wa mwisho wa wiki usikie mtaa. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo: presha ikianguka, itaanguka kila asubuhi. Pima intaneti saa tatu usiku, wenyeji wakiwa ndani. Hakikisha mlango wa kutokea unafunguka kutoka ndani bila ufunguo.

Kwenye mkataba wa nyumba nzima kuna kifungu kinachosomwa na wachache: wote waliosaini wanadaiwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mmoja akitoroka, waliobaki wanalipa kodi yote. Mdhamini naye huenda anadhamini kundi zima, si mwanawe tu. Hilo liandikwe kikomo chake. Siku ya kuingia piga picha kila chumba, ndani ya oveni na chini ya sinki, andika namba za mita, kisha mtumie mwenye nyumba kwa maandishi siku hiyohiyo. Amana inaweza kukatwa kwa madoa ya wapangaji wa miaka iliyopita.

Nyumba ya familia umbali wa dakika 15 hadi 25 kwa miguu ndiyo ninayoipa 4. Kadiri unavyozidi kuwa mbali na geti kodi hushuka kwa kasi kuliko miguu inavyochoka, na jirani zako ni wahadhiri, wauguzi na wastaafu wanaolala mapema. Bora kuliko zote ni nyumba ya mhadhiri anayekwenda likizo ya utafiti ya miezi 6 hadi 12: ina samani, imetunzwa na aliyeishi ndani, na mwenyewe anatafuta mtu mtulivu kuliko kodi ya juu. Hizi hazifiki kwa dalali. Hutangazwa ubaoni kwenye idara na maktaba.

Kwa anayenunua nyumba ili aipangishe, swali la kwanza ni idadi ya wanafunzi. Marekani ilizaa watoto zaidi ya milioni 4.3 mwaka 2007, kisha idadi ikaanza kupungua. Watoto wa mwaka huo walifika umri wa chuo mwaka 2025, na vyuo vidogo sasa vinagombea kundi linalopungua. Fuatilia udahili wa miaka mitano, sheria ya kuwalaza bwenini wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na vibali vya majengo mapya. Hosteli ya vitanda 300 ikifunguliwa, wanaoumia kwanza ni wenye nyumba kongwe karibu na geti. Kagua pia kama manispaa inazuia idadi ya watu wasio ndugu kwenye nyumba moja, maana hesabu ya vyumba sita inaweza kuwa kinyume cha sheria.

Mzazi anayenunua kwa ajili ya mtoto atakayesoma miaka minne apige hesabu moja. Gharama za kununua na kuuza zikila asilimia 10 ya bei, nyumba lazima ipande karibu asilimia 2.5 kila mwaka ili arudi alipoanzia, kabla ya ukarabati. Nyumba ambayo familia ya kawaida ingeweza kuhamia kesho huuzika chuo kikiyumba. Yenye masinki sita na sebule iliyofutwa inamngoja mnunuzi wa aina moja tu.