Siku moja Kuala Lumpur na mume wangu: cha kulipia na cha kuacha

Nianze na swali ninaloulizwa zaidi: ulipie mtu wa kukutembeza? Mimi nasema usilipie. Hotelini walitutolea karatasi ya safari ya siku nzima, gari na dereva, kwa bei ambayo ingetulisha sote wawili mpaka tuombe po. Nilipoisoma nikaona karibu kila walichokiandika kinafikika kwa treni. Mume wangu, ambaye kwa kupatana bei hajambo, hata hakujisumbua. Aliikunja akairudisha mezani.

Tulikuwa tunatoka Guangzhou, alikokuwa na mzigo wa kufuatilia, tukapitia Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, ili na mimi nipate pa kutembea baada ya kushinda kwenye maghala ya watu. Ukifika nunua kadi ya Touch 'n Go, kila mtu yake, utie pesa. Siku ile ilitufungulia mageti ya treni zote tulizopanda.

Asubuhi tulianza na Batu Caves. Nauli ya treni ya Komuter kutoka KL Sentral, stesheni yao kuu, haifiki ringiti 3 (ringiti ndiyo pesa yao), na inakushusha mlangoni kabisa mwa mapango. Ubaya wake ni kwamba haiji mara kwa mara. Ikikuacha, utakaa sana. Angalia ratiba kabla ya kutoka, na uwahi, maana ikifika saa nne jua limeshapanda na zile ngazi 272 hazina kivuli. Chini ya ngazi amesimama Murugan, mungu wa Wahindu wa Kitamil, sanamu ya rangi ya dhahabu yenye urefu wa mita 42.7 iliyozinduliwa mwaka 2006. Ngazi zenyewe zilipakwa rangi za kila aina mwaka 2018, na ndizo unazoziona kwenye picha za kila mtu aliyekwenda. Mimi nilichokipenda kiko ndani: dari liko juu sana, maji yanadondoka, halafu ukisogea mbele unakuta paa la mwamba limetoboka na mwanga unashuka mpaka kwenye vihekalu vidogo. Kuingia pango hili kubwa ni bure. Wanawake waliovaa nguo za juu ya magoti hukodishwa shuka pale chini kwa ringiti chache; mimi na baibui langu sikuulizwa kitu.

Tumbili wa pale ni wezi wa mchana kweupe. Mbele yetu mmoja alimnyang'anya dada wa watu chupa ya juisi, akakaa kwenye ukingo wa ngazi, akafungua kizibo kwa meno na kunywa taratibu huku anatutazama. Mfuko wa plastiki wa aina yoyote kwao ni chakula. Ficha kila kitu ndani ya mkoba, hata miwani.

Tukarudi KL Sentral, tukapanda LRT, treni ya ndani ya mji, hadi kituo cha Masjid Jamek. Hizi treni hazina dereva, na mume wangu alikwenda kusimama dirisha la mbele kabisa pamoja na watoto, akakataa kutoka. Msikiti wenyewe ulifunguliwa mwaka 1909, mahali inapokutana mito ya Klang na Gombak, na mchoraji wake alikuwa Mwingereza, Arthur Benison Hubback. Tofali nyekundu na nyeupe, makuba, minazi uani. Saa za sala hufungwa kwa watalii, ila sisi tulikwenda kuswali adhuhuri. Mume wangu alikuwa na kaptula, akatoa kikoi chake kwenye mkoba akajifunga. Pale penye kutawadha mzee mmoja wa Kimalei, naye kajifunga shuka yake ya mistari, alikishika kile kikoi pindo akakisugua kwa vidole, akauliza kwa Kiingereza cha kuungaunga kimetoka wapi na ni bei gani. Walisimama hapo wakizungumza habari za vitambaa mpaka ikakimiwa. Nyota tano, na hatukulipa hata senti.

Kwa chakula cha mchana nisikuchoshe. Tuliingia mgahawa mmoja karibu na pale, roti canai, chapati yao, ya mchuzi wa dengu ilikuwa nzuri, laini ya kuchambuka, lakini bili ilipokuja tukakuta tumetozwa vitambaa vya kufutia mikono vilivyokuwa vimewekwa mezani bila kuviagiza. Usivifungue kama huvitaki. Mvua ya alasiri ilitukuta Central Market, jengo ambalo historia yake inaanza mwaka 1888, tukajibanza humo tukiangalia batiki. Batiki za kuchorwa kwa mkono ni ghali na zinastahili bei yake. Zile za kupigwa mashine zilizopangwa mlangoni ziache.

Jioni ndipo tulipovutana kidogo. Mume wangu alitaka kupanda minara ya Petronas. Tiketi ya mgeni inakaribia ringiti 100 kwa mtu mmoja, na inafaa uinunue mapema mtandaoni, Jumatatu wamefunga. Kwa hela hiyo unapewa dakika zako kwenye daraja la kuunganisha minara, kisha dakika nyingine ghorofa ya 86, halafu mnashushwa. Nikamwambia, "Baba Nasra, ukiwa juu ya minara, minara yenyewe utaionea wapi?" Akacheka, tukabaki chini kwenye bustani ya KLCC, tukaitazama yote mita 452 ikiwashwa taa moja baada ya nyingine, na chemchemi zikirusha maji. Bure kabisa. Kama una hamu ya kuona mji kutoka juu, sawa, panda, lakini mimi nawapa nyota mbili kwa bei ile.

Kutoka hapo watu wengi hupelekwa Jalan Alor. Ni mtaa wa kula wenye shamrashamra, sina ubishi, ila vibanda vingi ni vya Wachina na nguruwe yupo, kwa hiyo kama unaangalia halali utakuwa unauliza kila hatua. Sisi tulivuka kwa miguu kwenda Kampung Baru. Kuna daraja la waenda kwa miguu, la Saloma, jina la yule mwimbaji na mwigizaji wao, lililofunguliwa mwaka 2020. Umbo lake ni la majani ya tambuu yaliyopangwa, na usiku linabadilika rangi. Upande huu unaacha maduka ya vioo, upande ule unaingia mtaa wa Wamalei wa tangu zama za Mwingereza, nyumba za mbao bado zipo, na minara inaonekana nyuma ya mapaa ya bati.

Kwenye Jalan Raja Muda Musa tukakaa viti vya plastiki tukaagiza nasi lemak. Nisikilize vizuri mtu wa pwani: huu ni wali wa nazi na dagaa. Wali umepikwa kwa tui na majani ya pandani, jamaa yake mkadi wetu, ukifungua unanukia kabla hujaonja. Pembeni dagaa wa kukaanga wakavu wa kutafunika, karanga, tango, yai la kuchemsha, na sambal, pilipili iliyopikwa na kitunguu mpaka ikawa nyeusi kwa wekundu. Inaanza na utamu, moto unakuja baadaye ukiwa umeshameza. Tukaongeza rendang ya ng'ombe, iliyokaushwa kwenye nazi mpaka nyama inajiachia yenyewe, na mishkaki yao, satay, ya kuchovya kwenye mchuzi wa karanga. Chai ya maziwa, teh tarik, inamiminwa kutoka juu kwenda kikombe cha chini mpaka itoe povu. Mwambie mapema apunguze sukari, vinginevyo utakunywa shira. Sote wawili tulishiba kwa chini ya nusu ya tiketi moja ya minara. Ningesafiri tena kwa ajili ya wali ule tu.

Kando ya barabara palikuwa na muuza doriani na shokishoki. Shokishoki ni zilezile tunazozijua, doriani zao zina nyama nono zaidi na bei kubwa, uliza bei ya kilo kabla hawajaipasua. Uile hapohapo umalize, kwa sababu mahoteli mengi yameandika kabisa mlangoni kwamba haliingii.

Mwenye mzazi wa magoti mabovu aiondoe Batu Caves, ngazi zile hazina mbadala. Hoteli itakudai kodi ya utalii ya ringiti 10 kwa chumba kwa usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Na fomu ya kuingia nchini, MDAC, ijazwe kwenye simu ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti yoyote inayokudai pesa kwa fomu hiyo ifunge.