Sanduku la kutungia vidani: waya chukua, mawe kagua

Nianze na makoleo, maana ndiyo yaliyofanya pesa yangu isizame. Sanduku lenyewe niliagiza Nairobi kwa simu, nikalipa shilingi 6,800 pamoja na usafiri, likapanda basi hadi Mokowe na hapo likavushwa kwa boti mpaka Amu (Lamu) pamoja na magunia ya watu. Ndani mna makoleo matatu, roli nne za waya, pakiti sita za mawe yaliyokwisha tobolewa, na kopo la vikorokoro: pete ndogo za kuungia, kulabu za hereni, vifungio vya mkufu. Muuzaji simtaji. Ninataka tu kueleza kila kitu kilivyofanya kazi mkononi, kwa sababu picha za matangazo huonyesha kidani kilichokwisha kupendeza, hazionyeshi kilivyofika hapo.

Mimi kutunga shanga si jambo geni kwangu. Wateja wangu ni wa aina mbili: maharusi wa hapa mjini na jamaa zao, na wageni wanaoshukia Shela. Shanga ndogo za kioo nilikuwa nazitunga kwa mshipi wa wavuvi kama wengi tunavyofanya hapa. Mshipi ni rahisi na unapatikana kila duka, lakini una kasoro zake. Hunyooka polepole, kidani cha shingoni kikawa cha kifuani, na ukikaa juani hukauka na kukatika. Kwa shanga za kioo unaweza kuvumilia. Kwa mawe haivumiliki, kwa sababu tundu la jiwe lililotobolewa kwa mashine lina makali kwenye mdomo wake, na kila anapotembea mwenye kidani, makali yale yanausaga uzi. Ndiyo sababu nilitaka waya.

Sasa makoleo. Kuna la mdomo wa duara, la mdomo bapa na la kukatia. Jambo la kwanza nililotazama ni meno, na hayana. Koleo la fundi wa umeme lina meno ndani ya mdomo, na ukilishikia waya wa shaba linauacha na alama kama umetafunwa na panya. Hakuna msasa utakaoziondoa alama zile bila kuula na waya wenyewe. Haya ni laini kabisa. La duara limechongwa likaenda likichongoka sawasawa pande zote mbili, kwa hivyo ukubwa wa kitanzi unategemea unaushikia wapi waya: karibu na ncha unapata kitanzi kidogo cha hereni, karibu na shina kikubwa cha kuning'iniza kidani. Nimepiga mstari wa wino juu ya mdomo wake, na tangu hapo hereni za jozi moja zinatoka sawa. La kukatia lina upande bapa na upande unaobana. Ule bapa ndio uelekee kazi yako, ule mwingine uelekee kipande cha kutupwa. Lalamiko langu ni dogo: mpira wa mpini wa lile bapa ulianza kuteleza kwa joto. Na hapa kwetu, kwa hewa hii ya chumvi, chuma chochote usichokifuta kwa mafuta ya cherehani kinashika kutu kabla hujakizoea.

Waya ndio ulionifurahisha zaidi. Roli tatu ni za shaba tupu, za milimita 0.8, 0.5 na 0.4, na ya nne ni ya shaba iliyopakwa rangi ya fedha. Hizo namba zisikutishe. Wa 0.8 ni mgumu wa kutosha kushika umbo, unaufanyia fremu, kulabu na bangili nyembamba, lakini kwenye mawe mengi ya sanduku hili haupiti tunduni, na usijaribu kuusukuma kwa nguvu maana jiwe litapasuka. Wa 0.5 ndio wa kupitisha ndani ya jiwe na kufanya kitanzi kila upande. Wa 0.4 ni wa kufungia: unauzungusha juu ya mwingine kama mtu anavyofunga kamba kwenye mlingoti.

Kitanzi chenyewe kinafanywa hivi. Unapitisha waya kwenye jiwe, unauacha wazi kidogo juu yake, unaukunja ukasimama pembe ya mraba, kisha kwa koleo la duara unaurudisha nyuma ukafanya mviringo. Mkia uliobaki unauzungusha shingoni, kati ya kitanzi na jiwe, mizunguko miwili au mitatu iliyogusana, unakata, na ncha unaibana kwa koleo bapa mpaka ilale. Ule upenyo ulioacha mwanzo ndio unaojazwa na mizunguko. Usipouacha, waya utapanda juu ya mgongo wake na kazi itaonekana kama kifundo cha kamba. Kila jiwe linakuwa na vitanzi vyake na linaungana na mwenzake kama pingili za mnyororo. Kikikatika kimoja, hayamwagiki yote sakafuni.

Shaba ina tabia yake. Ikikunjwa hukaza, ikikunjwa tena hukaza zaidi, na kitanzi ukikifungua na kukifunga mara kadhaa kinakatika chenyewe. Kinachoilainisha ni moto: ukiupasha waya juu ya gesi mpaka uwe mwekundu hafifu na kuutia majini, unarudi laini kama mpya, ila unatoka mweusi na inabidi kuusafisha. Hilo lifanye kabla ya kutia mawe. Roli ya rangi ya fedha haiwezi mambo hayo. Rangi yake ilianza kubanduka palepale koleo linaposhika, na bangili niliyoivaa mwenyewe ilionyesha wekundu wa shaba upande wa ndani kwa jasho. Kwa pambo la kuvaliwa siku moja labda, kwa kuuza siipendekezi.

Shaba tupu nayo hubadilika rangi, na wengine huwaachia ukijani kwenye ngozi. Huwa namwambia mteja kabla hajalipa. Ndimu na chumvi huirudishia mng'aro mara moja. Lakini hapo ndipo watu wanapoharibu: kama kidani kina lulu au marijani, ndimu usiikaribishe. Vitu hivyo viwili asili yake ni chokaa ya baharini, na asidi huila. Lulu inapoteza mwanga wake na hairudi. Ifute kwa kitambaa chenye maji tu. Sandukuni humu hamna lulu wala marijani, lakini mtu akishajua kutumia waya atataka kuvichanganya na vyake vya nyumbani, kwa hivyo nasema.

Kazi iliyonithibitishia waya huu haikuwa ya mawe hata kidogo. Masonara wa Amu wanajulikana kwa pete na vidani vya vigae vya sahani za zamani za kauri, vimezungushiwa fedha. Sahani yangu ya maua ya buluu ilikuwa imevunjika jikoni, nikachukua kipande chenye ua zima, nikakisugua kingo kwa msasa uliolowana (uloweshe, vumbi la kauri si la kuvuta kifuani), nikakizungushia nyaya mbili za 0.8, moja mbele na moja nyuma, nikazifunga pamoja kwa ile ya 0.4. Utamu uko katika ile kufunga. Mizunguko ikigusana na kubanwa bapa inaonekana kama ukindu uliosukwa. Ikiachana kidogo tu, jicho linaliona pengo kabla ya kuliona ua. Ncha zote nilizimalizia nyuma. Halafu nikafanya jaribio ambalo kwetu ndilo lenye maana: nikaburuza mtandio wa shifoni juu yake. Ulinasa. Nikarudi na tupa, nikaburuza tena, mpaka kitambaa kikapita bila kushikwa. Wanaotengeneza vidani kwa ajili ya wanawake wasiojifunika hawalifikirii hili, lakini mwanamke wa Amu anavaa kidani chake chini ya mtandio au buibui, na ncha moja ya waya itamharibia nguo ya bei kuliko kidani chenyewe. Hereni vilevile: chini ya mtandio uzito unahisika mara mbili, kwa hivyo jiwe moja dogo linauzika kuliko matatu.

Basi tufike kwenye mawe, ambapo uso ulinibadilika.

Pakiti sita zimebandikwa majina. Akiki nyekundu ni nzuri, ngumu, na imetobolewa katikati barabara. Akiki nyingi za sokoni huongezewa rangi kwa moto au dawa, na hilo ni la kawaida tangu enzi za zile zilizokuwa zikiletwa pwani hii kutoka Gujarat. Amethisti nayo ni ya kweli. Rangi yake haiko sawa, punje moja ina zambarau ya kukolea na nyingine imepauka, na ndivyo jiwe la ardhini linavyokuwa. Isianikwe dirishani kwenye jua kali, maana hupauka. Kwatzi ya waridi na zile nyeusi za kung'aa za madini ya chuma sina neno nazo.

Feruzi ndiyo ya kwanza kunitia shaka. Buluu moja kwenye punje zote, na mistari myeusi iliyopangika mno. Nikachovya pamba kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, nikasugua punje moja, pamba ikatoka buluu. Hilo ni jiwe jeupe lililotiwa rangi. Si uchafu, na si kioo, lakini si feruzi, na huwezi kulitoza bei ya feruzi.

Pakiti ya sita ilikuwa imeandikwa ganeti ya kijani ya Tsavo. Hiyo niliichukua nikaenda nayo kwa sonara mmoja mtu mzima ninayemheshimu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini leo?"

Akaimwaga kwenye kiganja, akaipima kwa kuirusharusha, kisha akachukua kioo chake cha kukuzia na kukibana jichoni. Hakukaa sana.

"Hizi zimepikwa," akasema, akanipa kioo. "Tizama ndani."

Nikatizama. Ndani ya kijani kulikuwa na viputo viduara, vidogo kama vya soda. Kioo tupu. Akanionyesha na njia nyingine ya kutumia ukiwa huna kioo cha kukuzia: weka punje shavuni. Jiwe hukaa baridi kwa muda, kioo hupata joto la mwili upesi. Si kipimo cha mahakamani, lakini dukani kinasaidia.

Na hata bila viputo, hesabu ingetosha. Ganeti ya kijani ya kweli mtafuta vito Campbell Bridges aliikuta kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata upande wetu, Taita, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikaipa jina la kibiashara kutokana na Tsavo. Ni kito cha kuwekwa kwenye dhahabu. Hakuna atakayekujazia pakiti yake, akutoboleze, kisha akutupie na makoleo matatu kwa shilingi 6,800. Anayenunua kwa bei ile ajue hivyo, lakini anayeuza asiandike vile.

Nilimpigia muuzaji. Alikuwa na adabu, lazima niseme. Ya kijani alinirudishia pesa kwa M-Pesa siku ileile. Ya feruzi alikataa, akasema soko zima linaiita hivyo. Inaweza kuwa kweli, lakini mteja wangu wa Shela akifika kwao na kumwonyesha mtu wa vito, jina litakaloharibika ni langu, si la soko. Zile punje nimezitumia, na nimeziuza kama jiwe la kutiwa rangi, kwa bei yake. Zimeondoka vizuri tu, hakuna aliyelalamika, maana buluu ile inakwenda na shaba.

Vikorokoro vya kopo nitavipitia haraka. Pete za kuungia ni laini mno, zinafunguka zenyewe kidani kikivutwa na mtoto. Vifungio vinafaa. Kulabu za hereni zilimwasha mpwa wangu masikio, na nadhani zina nikeli. Nimeziweka kando, nikanunua kwa yule ami waya wa fedha ya asilimia 92.5 wa unene wa milimita 0.8, nikakunja kulabu zangu kwa lile koleo la duara. Zinatoka nzuri kuliko za kununua, na ncha yake unaisugua ikawa duara ili isikwaruze tundu la sikio. Karatasi ya maelekezo ina michoro midogo na maneno ya Kichina. Asiyepata kukunja waya maishani mwake hataambulia kitu humo, amtafute mtu wa kumwonyesha.

Kwa anayeanza, sanduku zima sio bei mbaya ukihesabu makoleo na shaba peke yake na mawe ukayaona kama nyongeza. Kwa anayeuza, achukue vyombo na waya, na mawe ayanunue mahali anapoweza kuyashika, kuyatazama kwenye mwanga na kuuliza yametoka wapi. Mwambie muuzaji azifunge roli kwenye nailoni kabla ya kusafirisha, kwa sababu moja yangu ilifika imefubaa upande mmoja, nadhani kwa maji ya bahari kwenye boti. Wa 0.5 ndio unaoisha kwanza. Nimekwisha agiza mwingine wa huo peke yake. Anakubali kuuza roli mojamoja ukimpigia simu, ingawa kwenye picha zake anaonyesha sanduku tu.