Upasuaji wa mtoto wa jicho (lenzi ya jicho kuwa na ukungu): mawimbi ya sauti au leza, ipi inasumbua mishipa ya retina?

Watu wengi wanadhani leza ndo salama zaidi, mi naona sio rahisi hivyo.

Ile ya kawaida daktari anachana sehemu ndogo kama milimita 2 hadi 3, anavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, anaivuta, anaweka ya bandia. Ya leza inatangulia kukata na kulainisha lenzi, kwaiyo mawimbi yanatumika kidogo, hapo safi. Ila jicho linabanwa na kifaa cha kunyonya na presha ya ndani inapanda kwa muda, alafu leza yenyewe inaamsha zile kemikali za uvimbe (prostaglandini), na hizo ndo adui wa mishipa midogo ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) maana zinailegeza, maji yanavuja na kujaa pale katikati tunapoonea vitu vidogo, na mara nyingi inajitokeza wiki 4 hadi 6 baadae wakati mtu ashajiona amepona kabisa! Mawimbi nayo yanaleta uvimbe usijidanganye.

Majaribio makubwa ya Ufaransa na Uingereza hayakuona leza ikishinda kwa maana, na gharama iko juu. Mi ningechukua ya kawaida.

Mwenye kisukari ndo aogope zaidi, mishipa yake ishachoka tayari, apimwe retina kabla ya upasuaji na asiruke matone ya kuzuia uvimbe.

Afu picha za mishipa baada ya upasuaji zikionyesha imeongezeka, usishangilie haraka, saa ingine ni ukungu wa lenzi tu umetoka mbele ya kamera.