Niliagiza pacha, nikaletewa ndugu wa kambo

Nilimwagiza fundi seremala kabati la kufanana na langu la zamani. Haki yake nimpe kwanza: viungo ni safi. Ndimi za mbao zimekaa kwenye matundu yake bila msumari hata mmoja, droo zinateleza, na miguu ina unene uleule wa kabati la zamani. Kwa hayo, nyota nne.

Lakini rangi! Droo ya kabati la zamani ilikaa karakanani kwake wiki kadhaa ili iwe kielelezo. Siku ya kuchukua mzigo nimeikuta chini ya benchi, imejaa vumbi la randa, na yeye kachanganya rangi kwa kutazama picha ya simu. Chini ya taa yake vitu vilifanana. Kulipokucha nyumbani, la zamani kahawia, jipya jekundu kama tofali. Kuuliza, najibiwa: "Bosi, mbao si kitambaa. Itazeeka yenyewe."

Nusu ya jibu hilo ni kweli, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Mkangazi mpya, mbao ya kabati hili, hukolea kadiri unavyopigwa na mwanga, ndiyo maana fundi makini huanza na rangi iliyofifia kidogo kuliko kielelezo. Ila wekundu uliotoka koponi hauzeeki ukawa kahawia.

Jaribio hufanywa kwenye kipande kilichobaki cha mbao ileile, kilichopigwa msasa hadi namba ileile, kikapakwa rangi na tabaka zote za vanishi (vanishi ya mafuta peke yake huongeza umanjano), kikaachwa kikauke, ndipo kilazwe juu ya droo ya zamani karibu na dirisha. Yeye kajaribu kwenye msonobari! Tena ubao wa juu kaumaliza kwa msasa laini namba 220, ubavuni kaishia ule wa kukwaruza, namba 120. Mbao iliyoachwa na mikwaruzo hunywa rangi zaidi, basi kabati moja lina wekundu wa aina mbili.

Sasa anataka kupaka rangi nyingine juu. Juu ya vanishi iliyokauka haipenyi. Itatanda kama tope. Kinachowezekana ni tabaka jembamba la vanishi lenye tone la kijani, maana kijani huua wekundu, lakini litalitia kiza kabati zima. Lisipokubali, ni kukwangua mpaka mbao tupu na kuanza upya.

Nyota tatu, basi, kwa ajili ya droo zile. Hapana, mbili. Jua limeingia tena dirishani.