Fundi wa Ngamiani alivyonifutia njia ya kurudi Windows 10

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wake wa kazi, si yake.

Nilimpelekea laptopu ya steshenari yangu aipandishe iwe Windows 11, maana ile ya 10 masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma 14 Oktoba 2025. Kazi aliifanya haraka, simsingizii. Kuiwasha dukani sasa! Nikifungua folda, kioo cheusi. Mstari wa chini unapotea, unarudi, unapotea tena, waja leo waondoka leo. Task Manager nayo, ile ya kuonyesha programu zinazoendelea, inajifunga kabla sijasoma kitu. Na watu wamesimama wanataka kuchapa barua za maombi ya kazi.

Nikarudi kwake. Mashine hakuigusa hata kidogo. "Bi mkubwa, hapa ni kupiga Windows upya. Elfu thelathini."

Nikamwambia basi nirudishie ile ya 10, kwani ukipandisha, ya zamani huhifadhiwa siku 10 kwenye folda ya Windows.old. Akacheka. "Ile niliifuta, ilikuwa inakujazia diski."

Uliifuta kwa ruhusa ya nani?

"Kama unajua sana, si utengeneze mwenyewe."

Mbele ya wateja! Kufuta ningeweza kumsamehe. Kicheko kile, hapana.

Kijana wake akanifuata mpaka kwenye bajaji. "Mama, usilipe. Mstari ukirudi tu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Terminal ile yenye Admin, ndipo pa kuandikia amri, andika sfc /scannow ikague faili za Windows." Ikisema imekuta faili mbovu lakini nyingine imeshindwa kuzitengeneza, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha urudie ile ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa kwangu hasa. Hiyo DISM huvuta faili zisizo mbovu mtandaoni, kwa hiyo wekeni bando la kutosha, na ikiganda kwenye asilimia ile ile muda mrefu msiizime. Zilipomaliza zote, nikaizima laptopu na kuiwasha, folda zikafunguka, mstari ukatulia.

Elfu thelathini, kwa mistari miwili ya kuandika!

Nilikuwa naandika hapa msiende kabisa. Ila printa yangu imeanza kutafuna karatasi, na yule kijana mikono yake naiamini. Nitavizia bosi akienda kula.