Hadithi moja, majarida sita, nikiwa Moshi: pesa ilikoenda na nilichopata

Nina duka la stesheneri karibu na stendi kuu ya Moshi. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga laminesheni vyeti vya watu. Kutwa nzima nashika maandishi ya wengine, jioni nikishafunga hesabu naandika yangu. Watu kadhaa wameniuliza kama ile mitandao ya kutuma hadithi kwenye majarida ya fasihi ya nje inafaa au ni kuliwa hela tu. Nimeitumia kwa miezi kumi na minne, basi nieleze. Walioniudhi sitawataja majina. Ugomvi wa shilingi elfu nane haustahili kumharibia mtu kazi.

Hadithi yenyewe ina maneno kama 3,400. Ni ya kijana mpiga debe wa stendi yetu anayeamka siku moja sauti imekauka kabisa. Niliiandika kwa Kiswahili. Majarida matano kati ya sita niliyoyalenga yanachapisha kwa Kiingereza, kwa hiyo ilibidi nikae chini nitafsiri.

Kutuma hakuna ugumu. Unafungua akaunti bure, unapandisha faili, unaandika barua fupi ya kujitambulisha, halafu mengine yanakudai ada ya kusomewa, mara nyingi dola 3. Kwetu hiyo ni karibu elfu nane, bado makato. Mama ntilie wa hapa nje ananipa sahani tatu za wali maharage kwa hela hiyo. Kadi yangu ya benki ilikataa mara mbili, nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, ikapita. Mara ya pili nikakatwa ada mara mbili kwa hadithi ileile. Ile ada ya ziada ilirudi baada ya siku kumi na moja, kimya kimya, bila hata pole. Baadaye ndiyo nikajua kwamba majarida mengi yana kipindi fulani cha kupokea kazi bure, ila nafasi zina kikomo na zinajaa upesi. Ningelijua hilo mapema, ningebakiwa na hela ya karatasi rimu moja.

Halafu unasubiri. Kwenye akaunti yako pameandikwa kwamba kazi imepokelewa, na neno hilo linabaki hapohapo mpaka ulichoke. Jarida moja lilinijibu baada ya siku nne, lingine baada ya siku 217. Barua mbili za kukataliwa, kutoka majarida mawili tofauti, zilifanana mpaka koma. Mimi siwezi kudanganywa kwenye hilo, maana barua za aina hiyo ndizo ninazouza: unabadilisha jina la mwombaji na tarehe, unaprinti, elfu moja na mia tano.

Kwenye barua zote tano nilipata sentensi moja tu inayohusu hadithi yangu. Hadithi ilikuwa inaanza alfajiri, kijana anajaribu kuita, «Himo, Marangu, Mwika, wawili tu tunaondoka!» na sauti haitoki. Msomaji wao akauliza: kwa nini anadanganya, ikiwa gari halina mtu? Nilicheka peke yangu dukani. Hapa Moshi mtoto wa chekechea anajua kwamba «wawili tu» maana yake gari ni tupu. Unaingia, unakaa, unanunua karanga, na hujadanganywa na mtu. Lakini ukiyapeleka maneno hayo kwa Kiingereza, yanakuwa uongo kweli. Na huyo mpiga debe mwenyewe, kamusi ilimpa jina linalonuka utapeli. Kijana niliyekuwa namwonea huruma kwa Kiswahili, kwa Kiingereza nikaanza kumshuku mimi mwenyewe niliyemwandika. Tafsiri ilikuwa yangu, sina wa kumlaumu.

Mtu anaweza kusema, basi andika Kiswahili na utulie. Ni kweli, ila atume wapi? Tuzo zipo. Ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal, na ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu iliyoanza 2022, zote zimewatoa waandishi wa Kiswahili. Tatizo ni kwamba tuzo huja mara moja kwa mwaka na ina washindi wachache. Jarida linakupokea ukiwa na hadithi moja, linakukosoa, linakurudisha nyumbani, unakuja tena mwezi ujao. Zamani tulikuwa nalo. Mambo Leo lilianza kutoka 1923 hapa Tanganyika, likimilikiwa na serikali ya kikoloni, na pamoja na habari zake za mazao na masomo, wasomaji walilitumia mashairi yao kwa posta. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapishwa humo kabla hajawa jina la kwenye vitabu vya shule.

Jirani zetu Wakenya walilifanya upya kwa namna yao. Mwandishi Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika kwa Kiingereza, mwaka 2002, na badala ya kutulia kuandika kitabu chake, akawakusanya wenzake Nairobi wakaanzisha jarida la Kwani?, toleo la kwanza likatoka 2003. Mwaka huohuo hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyochapishwa humo ikashinda tuzo ileile. Nakala yangu ya Kwani? niliinunua Arusha kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limekunjika, mtu amepigia mahesabu ya saruji ukurasa wa mwisho. Ndani kuna Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, imeachwa ilivyo, bila kuelezwa. Nilipoiona ile ndipo nilipopata hasira ya maana: mbona hawa hawakumtafsiria mtu?

Na kuna Jalada, jarida la mtandaoni la waandishi wa Afrika. Mwaka 2016 walichukua hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kikikuyu, wakaitoa pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo, bure mtandaoni. Nililisoma toleo hilo kwa simu, kwa bando la usiku. Kama unaanza, anzia hapo kabla hujalipa dola ya mtu. Kusoma jarida kwanza ndiyo huduma ya bure kuliko zote, na mimi niliiruka. Nilituma kwa majarida mawili ambayo sikuwahi kusoma hata ukurasa wao mmoja. Moja, kumbe, linapenda hadithi za mambo ya ajabu ya angani. Mpiga debe wangu huko angefanya nini?

Jarida la sita ni la vijana, la Kiswahili, linatoka mtandaoni na nakala chache za karatasi. Hakuna akaunti wala ada, unatuma kwa barua pepe. Baada ya wiki mbili nilipata ujumbe wa sauti WhatsApp, dakika tano na nusu. Mhariri alianza hivi: «Dada, shikamoo. Nimeisoma. Ni nzuri, lakini inaanza ukurasa wa tatu.»

Nilikasirika. Kurasa mbili za kwanza ndizo nilizozipenda, kuna maelezo ya Mlima unavyoonekana alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, na nilikuwa nimeyaandika mara saba. Nikazima simu, nikalala. Kesho yake, kwenye saa za mchana zisizo na wateja, nikazisoma kwa sauti, nikaona kweli hakuna kinachotokea. Mlima upo tu, kama ulivyo kwenye kalenda zote ninazouza. Nikazikata, sikubakiza Mlima wala nini, wito wa alfajiri tu ndio niliousogeza.

Halafu akaniuliza swali ambalo limenifaa kuliko ada zote nilizolipa: siku hiyo sauti imekauka, nani anamwitia abiria? Sikuwa nimelifikiria. Katika hadithi ya mwanzo kijana anarudi nyumbani, analala, mwisho. Swali hilo likamwingiza mpinzani wake wa siku zote, yule wanayegombania magari, ambaye anaita kwa niaba yake mpaka magari mawili yanajaa, anampa hela yake nusu, halafu kesho wanagombana tena kama kawaida. Hadithi ikapata mgongo. Tulivutana kwenye faili kwa wiki tatu, maoni pembeni nikayahesabu 41. Mengine nilikataa, naye akakubali.

Sitawapamba. Walichelewa kulipa, elfu thelathini niliyoahidiwa ikafika kwenye simu baada ya kuwakumbusha mara tatu. Na kwenye orodha ya yaliyomo, «Mpiga Debe» imechapwa «Mpiga Dede». Mtu mwenye stesheneri kuona hivyo ni kama fundi cherehani kuvaa shati lililoshonwa upande. Nilipowaambia walirekebisha ya mtandaoni, za karatasi zimebaki na dede lake.

Ushauri mdogo kwa atakayetuma sehemu nyingi kwa pamoja: soma kama jarida linaruhusu, na ukikubaliwa mahali, waondolee wengine kazi yako siku hiyohiyo. Pia usiibandike hadithi Facebook kwanza. Wengi wanataka haki ya kuchapisha mara ya kwanza, na wakiikuta huko wanahesabu imeshachapishwa.

Kwa ile mitandao ya kulipia natoa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu inafanya kazi hata intaneti ikiwa ya kusuasua. Jarida la vijana nalipatia nyota nne. Ya tano waipate wakijifunza kulipa kwa wakati.

Nilipata nakala tano za karatasi, nikaziweka kaunta, elfu tano moja. Mpiga debe mmoja anayekujaga kuchajisha simu aliisoma yote akiwa amesimama, kidole kwenye mistari. Alipomaliza akarudi ukurasa wa kwanza. «Dada, hapa umekosea. Alfajiri nani anakwenda Mwika? Saa hizo watu wanatoka Mwika wanakuja mjini. Sisi alfajiri tunaita Boma, Usa, Arusha.» Mimi, mhariri, na wasomaji wote wa nje, hakuna aliyeliona hilo. Nimeshabadilisha kwenye faili langu. Yeye aliondoka na ile nakala kwenda kumwonyesha mwenzake wa magari ya Rombo, leo wiki ya tatu hajairudisha, na alikuwa hajailipia.